Inachaji, Lakini Haisomi

Umechomeka simu kwenye laptopu, alama ya umeme imetokea juu ya betri, lakini Android Studio inadai hakuna kifaa kilichounganishwa. Karibu kila anayejifunza kutengeneza programu za Android amewahi kufika hapo, na wengi huishia kufanya jambo lilelile: wanaifuta Android Studio na kuipakua upya. Bando la zaidi ya GB 1 linateketea, jioni inakwisha, na simu bado haisomi.

Kwa laptopu nyingi za huku kwetu, zile za mtumba zenye RAM ya GB 4, simu halisi si anasa. Simu ya kuigiza inayokuja na Android Studio inazilemea hadi kipanya kinaganda. Ndiyo maana simu ikigoma kusoma, kazi nzima inasimama, na mtu anaanza kubahatisha. Safu ya leo ni ya kuacha kubahatisha.

Android Studio yenyewe haizungumzi na simu. Inaiuliza adb, programu ndogo iliyomo kwenye kifurushi cha platform-tools ambacho hakifiki hata MB 20. Nayo adb inategemea mfumo wa kompyuta, uwe Windows, Linux au macOS, na mfumo huo unategemea kebo. Upande wa pili kuna simu, ambayo ina haki ya kukataa. Kila mmoja kati ya hao anaweza kugoma kivyake, na kutoka kwenye kiti chako migomo yote inafanana. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, jiulize swali moja: kompyuta yenyewe imeiona simu na adb ndiyo haijaiona, au hata kompyuta haijaiona?

Jibu linapatikana chini ya dakika moja. Kwenye Windows fungua Device Manager, iache wazi, kisha chomeka simu huku unaitazama orodha. Ikijichora upya, au ukisikia ule mlio wa kifaa kuingia, kuna kitu kimefika. Kwenye Linux andika lsusb kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka, ulinganishe. Kwenye Mac angalia sehemu ya USB katika taarifa za mfumo. Lakini kabla ya kutoa hukumu, shusha arifa za simu na uchague kuhamisha faili badala ya kuchaji tu, kwa sababu tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu huanzia kwenye hali ya kuchaji, na baadhi yake zikiwa katika hali hiyo hazijitambulishi kabisa kwa kompyuta.

Kama bado hakuna kilichobadilika, sahau habari za draiva na adb. Tatizo lako linashikika kwa mkono. Kama kuna kilichobadilika, hata kama ni jina la ajabu lenye alama ya njano, umeme na data vinapita, ingawa huenda havipiti vizuri.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa na betri. Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne za msingi: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Kuchaji kunahitaji mbili za kwanza tu. Kebo zinazokuja na spika ndogo, tochi, mashine za kunyolea na power bank za bei nafuu mara nyingi hazina kabisa zile mbili nyingine, na kwa nje huwezi kuzitofautisha na kebo nzima. Zipo pia zilizokuwa nazo zikakatikia shingoni, pale waya unapoingia kwenye kichwa, kwa sababu ya kukunjwa wakati simu inachaji kitandani. Hiyo itachaji miaka miwili mingine bila kupitisha hata herufi moja.

Simu yenyewe inaweza kukuambia. Ikiunganishwa na kompyuta kwa kebo nzima, huleta arifa inayosema inachajiwa kupitia USB, na ukiigusa inakupa machaguo mengine. Ikiunganishwa kwa kebo isiyo na nyaya za data, inasema inachaji basi, kama vile umeichomeka ukutani. Arifa hiyo ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko kingine chochote, na hakihitaji kuwasha hata programu moja kwenye kompyuta.

Kinachotokea ndani ni hivi. Simu inapoamua kujitokeza, inavuta mmoja wa nyaya za data kuelekea volti 3.3. Kompyuta inahisi mvuto huo, inaiamuru simu ianze upya upande wa USB, kisha inaiuliza: wewe ni nani? Simu inajibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Samsung ni 04e8, Google ni 18d1, Xiaomi ni 2717. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel hutumia chipu za MediaTek, na zinaweza kujitaja kwa namba ya mwenye chipu, 0e8d. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta neno Tecno kwenye orodha ya lsusb. Linaweza lisiwepo na simu ikawa imesoma vizuri tu.

Mazungumzo hayo yakikatika katikati, Windows huandika „Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)“, na ukifungua sifa za kifaa unakuta Code 43. Wengi wakiona hivyo hukimbilia draiva. Soma ujumbe wenyewe: kompyuta imehisi kuna kitu, imekiuliza jina, jibu halikueleweka. Bado hatujafika kwenye draiva, kwani draiva huchaguliwa baada ya jina kujulikana. Code 43 kwa simu, mara nyingi sana, ni kebo iliyochoka, tundu chafu, au kigawanyio cha USB kisicho na nguvu. Ondoa kigawanyio, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, jaribu tundu la upande mwingine, badilisha kebo.

Tundu la chaji la simu nalo linahitaji dakika yako. Vumbi la mfukoni linashindiliwa kila unapochomeka, hadi linageuka tabaka gumu chini kabisa. Kichwa cha kebo hakizami chote, pini za umeme zinagusa na za data hazigusi. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, si sindano, ukwangue taratibu chini ya mwanga. Ukiona kichwa sasa kinaingia kwa mkwaruzo mdogo na kushika, ulikuwa unapambana na vumbi.

Kuna kundi moja ambalo halitaokolewa na kijiti: simu iliyowahi kubadilishwa sistimu ya chaji. Kwenye simu nyingi za kisasa tundu hukaa kwenye kibao kidogo cha saketi cha chini, pamoja na maiki, na fundi hukibadilisha chote. Vipo vibao vya bei ya chini vinavyochaji vizuri na kupitisha data kwa kusuasua, au kutopitisha kabisa. Mwenye simu hana sababu ya kugundua, kwa sababu alipeleka simu kwa tatizo la chaji na chaji imerudi. Ukinunua simu ya mtumba kwa ajili ya kufanyia majaribio, ichomeke kwenye laptopu ya muuzaji kabla hujalipa.

Kwa simu za MediaTek kuna kipimo ambacho mafundi wa kuflashi wanakitumia kila siku na watengeneza programu wengi hawakijui. Zima simu kabisa, fungua Device Manager, kisha ichomeke ikiwa imezimwa. Simu nyingi za chipu hiyo hujitokeza kwa sekunde chache kama mlango wa mawasiliano, mara nyingi kwa jina lenye neno MediaTek au Preloader, kisha hutoweka na kuanza kuonyesha betri. Ukiuona mlango huo, hata kwa kufumba na kufumbua, kebo na tundu vyote ni vizima, na tatizo lako liko kwenye mipangilio. Hakuna haja ya kumrudia fundi.

Neno moja kuhusu kebo zenye Type-C pande zote mbili. Kwenye uunganisho huo simu na laptopu zinapaswa kukubaliana nani mwenyeji na nani mgeni, na mara nyingine zinaelewana vibaya: simu inataka kuichaji laptopu. Fungua arifa ya USB kwenye simu uangalie imeandikwa inadhibitiwa na nani. Kebo ya zamani yenye kichwa kipana upande wa kompyuta humaliza ubishi huo bila mjadala.

Tuchukulie sasa kompyuta imeiona simu. Unaandika adb devices na orodha inakuja tupu. Kwenye Windows, hapa ndipo draiva inapopata zamu yake. Simu iliyowashwa USB debugging, ambayo tutaifikia, hujitokeza na sehemu mbili au zaidi kwa pamoja: moja ya kuhamisha faili, nyingine ya adb. Windows inaweza kuitambua ile ya faili, ukazifungua picha zako bila shida, huku ya adb ikikaa kwenye Other devices na alama ya njano, Code 28, maana yake haijapata draiva. Ndiyo sababu kuziona picha hakuthibitishi kwamba adb itafanya kazi. Samsung wanatoa draiva yao. Kwa simu nyingine, draiva ya USB ya Google, inayopatikana ndani ya SDK Manager, mara nyingi inakubali ukiipachika kwa mkono: bofya kifaa chenye alama ya njano, chagua kusasisha draiva, chagua kutoka kwenye kompyuta yako, uielekeze kwenye folda yake. Laptopu iliyowahi kutumika kuflashia simu ni kesi ngumu zaidi, kwani zana za kuflashi huacha draiva zinazodaka kila kinachochomekwa. Hizo zifutwe kwanza.

Mac haina habari ya draiva. Ila tangu macOS Ventura, laptopu za Apple zenye chipu ya M huuliza kama unaruhusu kifaa kipya kuunganishwa, na ukikipita kisanduku hicho bila kusoma, simu itachaji bila kusoma.

Linux nayo haihitaji draiva, inahitaji ruhusa. Orodha inaonyesha namba ya simu ikifuatwa na no permissions, na maelezo yanayotaja udev. Kwenye Ubuntu na Debian, sakinisha android-sdk-platform-tools-common, jiongeze kwenye kundi la plugdev, toka na uingie upya. Usitumie sudo adb. Najua inafanya kazi, na ndiyo ubaya wake. Ukiianzisha adb kwa sudo, inajitengenezea ufunguo mwingine kwenye folda ya root. Simu inakuona mtu mpya na kuomba idhini upya, na kesho ukiiendesha kama mtumiaji wa kawaida unarudi kwenye kikwazo kilekile.

Ufunguo huo ndio kiini cha upande wa pili wa habari hii, ule ambao simu inakataa kwa makusudi. Chaguo za wasanidi programu zilifichwa kuanzia Android 4.2 ya mwaka 2012. Hadi leo unagusa Build number mara 7 ndipo zifunguke, na ndani yake unawasha USB debugging. Toleo la 4.2.2 la mwaka 2013 likaongeza kufuli: kila kompyuta inakuwa na jozi ya funguo za RSA, faili za adbkey na adbkey.pub ndani ya folda ya .android. Simu inaitumia kompyuta data ya kubahatisha, kompyuta inaisaini kwa ufunguo wake wa siri, simu inahakiki. Ikiwa haimjui msainiji, inaleta kisanduku kwenye kioo na kuuliza kama imwamini. Hadi ujibu, adb devices itaandika unauthorized.

Nasikia watu wakilalamika kwamba huu ni usumbufu. Mimi nautetea. Aliyeruhusiwa kupitia adb anaweza kuingiza programu kwenye simu yako, kupiga picha kioo na kuchota faili zako, bila wewe kugusa kitu. Katika nchi ambako mtu anaiacha simu kibandani ichajiwe hadi jioni, na simu hiyohiyo ndiyo pochi yake, kisanduku hicho ndicho kinachofanya kebo ya mtu usiyemjua isiwe hatari zaidi ya ilivyo. Zima USB debugging ukimaliza kazi.

Ukiona unauthorized, fungua kwanza kioo. Kisanduku hakiji simu ikiwa imefungwa, na watu huacha simu mezani kioo kimezimika wakisubiri kitokee kwenye kompyuta. Kama hakiji hata kioo kikiwa wazi, ingia kwenye chaguo za wasanidi programu, futa idhini zote za USB debugging, chomoa, andika adb kill-server, chomeka upya. Na kama simu ilisoma mwezi uliopita na leo imesahau, usishangae: kuanzia Android 11, idhini isiyotumika kwa siku 7 hufutika yenyewe. Kuna swichi ya kuzuia hilo humohumo ndani. Kwenye simu yako binafsi ningeiacha ilivyo.

Hali ya offline ni nyingine. Simu inaonekana, ila huduma ya adb iliyomo ndani yake haijibu. Chomoa na uchomeke, zima na uwashe USB debugging, anzisha upya simu. Ikiwa adb yako ni ya kale, ilipakuliwa pamoja na zana za miaka hiyo ya kabla ya funguo, itasema offline hadi mwisho wa dunia kwa sababu haijui kusaini. Pakua platform-tools mpya.

Kisha kuna ugomvi wa ndani ya kompyuta yenyewe. Unapoandika adb, kinachofanya kazi ni seva inayokaa chinichini kwenye mlango 5037, nayo huhudumia wote wanaoihitaji. Seva hiyo ni kama kondakta wa daladala: gari moja, kondakta mmoja. Programu za watengenezaji wa simu za kuhamishia picha na majina, na baadhi ya simu za kuigiza, huja na adb zao za matoleo mengine. Ukisoma ujumbe unaosema adb server version ya fulani doesn't match this client, ikifuatiwa na killing, ujue wameshapanda makondakta wawili na wanateremshana. Simu inaonekana sekunde kumi, inapotea, inarudi. Kwenye Windows andika where adb, kwenye Linux na Mac which -a adb, uone ziko ngapi. Zifunge zile nyingine, au uzielekeze zote kwenye adb moja.

Baadhi ya watengenezaji wameongeza kufuli zao juu ya za Google. Simu za Samsung tangu One UI 6 zina Auto Blocker, ambayo ikiwashwa huzuia amri za kupitia kebo. Unahangaika na USB debugging iliyokwajuka kumbe kufuli liko sehemu ya usalama, mbali kabisa na chaguo za wasanidi. Huawei wana swichi ya pekee ya kuruhusu adb wakati simu inachaji tu. Xiaomi wanakuacha usome simu vizuri, kisha wanaizuia programu yako isiingie kwa kosa la INSTALL_FAILED_USER_RESTRICTED hadi uwashe Install via USB, ambayo nayo hudai akaunti yao na laini ya simu. Hilo la mwisho si tatizo la kusoma, ila linafika kwa mtu akiwa amechoka na analihesabu kwenye deni lilelile.

Tundu likiwa limekufa kweli, Android 11 na kuendelea hukuruhusu kuachana na kebo. Washa Wireless debugging, chagua kuoanisha kwa namba, andika adb pair na anwani unayoonyeshwa, halafu adb connect na anwani ya ukurasa wa kwanza. Milango ya anwani hizo mbili hutofautiana, na hapo ndipo wengi hukwama. Wi-Fi za vyuo na ofisi mara nyingi huzuia vifaa visionane, hata vikiwa kwenye mtandao mmoja. Suluhisho la bei ya chini ni hotspoti ya simu nyingine: laptopu na simu ya majaribio zijiunge humo. Mawasiliano kati yao hayali bando, kwa kuwa hayatoki nje kwenda kwenye intaneti.

Njia ya zamani, adb tcpip 5555, inafanya kazi hata kwenye matoleo ya kabla ya 11, ila inahitaji kebo mara ya kwanza na inaacha mlango wazi kwenye simu. Mwaka 2018 programu haribifu iliyoitwa ADB.Miner ilisambaa kwenye simu na visanduku vya televisheni vilivyoachwa na mlango 5555 wazi, ikizitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Ukimaliza, andika adb usb, au anzisha upya simu.

Imebaki simu moja ambayo hakuna hatua yoyote ya hapo juu itakayoisaidia: simu ya mkopo, ile inayojifunga ukichelewesha rejesho. Inasimamiwa na mkopeshaji kwa utaratibu uleule ambao kampuni husimamia simu za wafanyakazi, na utaratibu huo unampa msimamizi uwezo wa kuzima chaguo za wasanidi programu zisiwake kamwe. Utagusa Build number mara 7, mara 70, na jibu litakuwa kwamba msimamizi hajaruhusu. Usimtafute fundi wa kuitoa kufuli hiyo. Azima simu nyingine ya majaribio, hata itel ya kioo kilichopasuka, hadi rejesho la mwisho lipite.